Mchanga wa Kwa Ndunda

Ndinda alinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia kwamba baba yake amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniomba niandike historia ya marehemu, ile inayochapishwa kwenye karatasi ya mazishi na kusomwa kabla ya mahubiri. Alisema familia imekubaliana iwe mimi, kwa sababu nilifanya kazi na baba yake, fundi Muthiani, na kwa sababu najua kupanga maneno. Nilimwuliza maswali niliyozoea kuuliza watu kazini kwangu redioni: alizaliwa wapi, alisoma hadi darasa gani, alifundishwa na nani kuchomelea vyuma, alibatizwa lini. Alijibu yote kwa mpangilio, kana kwamba alikuwa ameyaandika mahali. Nilipofika kwenye kazi alizowahi kufanya, alisema, “Ya kiwanda uiruke, dada. Andika tu alikuwa fundi hapa Tawa.” Nikaandika hivyo. Karatasi ilitoka nzuri, yenye picha yake akiwa amevaa koti la kijivu, na Jumamosi mchungaji aliisoma yote bila kujikwaa. Watu wa Kwa Ndunda walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Niliyoyaruka ndiyo haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano nilipoajiriwa kuwa karani wa kiwanda cha kukausha maembe, mwendo mfupi kutoka Tawa, upande wa kupandia milima ya Mbooni. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya zamani ya mbolea. Ilikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza iliyoegemezwa tofali mguu mmoja, na harufu ya mbolea ambayo haikuisha hata tulipopaka rangi mara mbili. Nyuma ya ukuta wangu lilikuwepo tanuri la kuni, na kuni zilitoka Kitui kwa malori. Nikiwa mezani nilisikia madereva wakishusha magogo na kulaumiana juu ya mizigo iliyolowa, na mwezi ule wa Julai nikaanza kusikia habari nyingine: kwamba kule Kitui watu wamechoka kuona vilima vyao vikibaki vipara, kwamba malori yanarudishwa njiani, kwamba safari ijayo huenda isiwepo. Haikuwepo. Tanuri likapoa, na msimu wa maembe ulikuwa unakuja.

Juu ya paa tulikuwa na paneli za jua. Saa sita mchana zilitoa umeme mwingi kuliko mashine zetu zilivyoweza kutumia, na ziada ile haikuwa na pa kwenda, maana laini kubwa ya umeme wa taifa haikuichukua. Jua likishatua hatukuwa na kitu. Na embe halikaushwi kwa nusu siku. Likishakatwa vipande linataka hewa moto mfululizo, la sivyo linachacha na kufanya ukungu. Ndipo wenye kiwanda wakamleta Injinia Karanja, kijana mpole kutoka upande wa Murang’a, aliyekunywa chai bila sukari na kuwashangaza akina mama wote wa kuchambua matunda. Alikaa kwenye ofisi yangu na kutueleza mpango wake. Betri ni ghali na hufa, alisema. Lakini umeme wa mchana unaweza kugeuzwa joto, na joto likawekwa ndani ya mchanga. Unajenga tangi kubwa la chuma, unalijaza mchanga, unapitisha koili ndani yake kama zile za kuchemshia maji, unalifunga kwa pamba ya kuzuia joto, na jua likizama unapuliza hewa katikati ya mchanga ule inatoka moto. Alitukumbusha mawe ya meko yanavyobaki na moto baada ya kuni kuzimika. Hapo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Fundi Muthiani, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, aliuliza swali moja tu: tangi liwe na urefu gani.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, asiye na ukucha kwenye kidole gumba cha kushoto. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza madirisha, mageti na vitanda vya chuma. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu kikubwa kuliko geti la shule. Nilimwona akichora tangi lile kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akifuta na kuchora tena, na chakula chake cha mchana, muthokoi na ndengu, kikipoa juu ya benchi. Wakati ule nilidhani ni bidii tu. Sasa naelewa kwamba kitu kile alikuwa amekisubiri tangu ujana, na kwamba mtu aliyesubiri hivyo hawezi kuulizwa kama kifanyike au kisifanyike.

Kilichobaki kilikuwa mchanga. Injinia alitaka mchanga mkubwa, msafi, usio na udongo, kwa sababu hewa haipiti kwenye mchanga laini. Mchanga wa namna hiyo ulikuwepo karibu, kwenye mto wa Kwa Ndunda, kijijini kwa Muthiani mwenyewe. Mgeni akiuona mto ule hudhani umekauka. Miezi mingi ya mwaka hakuna maji juu, ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini wazee walikuwa wamejenga ukuta wa mawe kukatiza mto, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji ya mvua yakawa yanakaa ndani ya mchanga, mahali jua halifiki. Mwanamke alichimba kwa mkono hadi kwenye kiwiko, akasubiri, akateka kwa kikombe. Kiwanda nacho kilivuta maji yake ya kuoshea matunda kutoka mto huohuo, kwa bomba. Hayo yote tuliyajua. Hakuna kati yetu aliyekuwa mgeni isipokuwa Injinia.

Mchanga wa mto hauchukuliwi hivihivi kwetu. Ilitakiwa karatasi kuonyesha kwamba wanakijiji wamekutana na kukubali, na kazi ya kuandika ikawa yangu. Mkutano ulifanyika kanisani Kwa Ndunda, mchana, viti vikiwa vimepangwa kama vya harusi. Kiwanda kilileta chai na mkate. Injinia aliongea kwa Kiswahili na Mbithe akatafsiri kwa Kikamba. Mbithe alikuwa mchambuaji matunda kiwandani na pia mwenyekiti wa mwethya, kundi la kazi za pamoja la kijiji, na kwa hiyo alizungumza kwa niaba ya pande zote mbili bila kuona ugumu. Alisema kiwanda kikifungwa, akina mama arobaini watarudi nyumbani. Alisema moshi utaisha. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa mbele, na Muthiani kando yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana.

Kisha Susu Kanini, yaani nyanya Kanini, mama yake Muthiani, akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi aliyejifunga leso mbili, na hakungoja kupewa nafasi.

“Mkichukua mchanga mkubwa,” alisema, “maji yatakaa wapi?”

Watu wachache walicheka, si kwa ubaya. Mbithe alimjibu kwamba yatakaa pale yanapokaa siku zote; mto huleta mchanga kila mwaka, hata ukiuambia usilete. Injinia alipotafsiriwa swali alikubali kwamba mvua itarudisha kilichochukuliwa. Susu alibaki amesimama kidogo, akimtazama mwanawe. Muthiani alikuwa akitazama kidole chake kisicho na ukucha. Susu akaketi. Niliandika swali lake kwenye daftari, neno kwa neno. Kesho yake, nikinakili kumbukumbu za mkutano vizuri kwa ajili ya sahihi, Injinia aliingia ofisini, akasoma juu ya bega langu na kusema kwa upole wake, “Maswali si lazima. Wakiona swali watataka kujua lilijibiwa vipi.” Na lilikuwa limejibiwa, nilijiambia. Nikaandika: hakuna swali lililoulizwa, hakuna aliyepinga. Ilichukua mstari mmoja tu.

Kazi ilifanywa na mwethya. Nyumba ikiitwa hutoa mtu. Isiyotoa hupeleka kuku, au husimama mbele ya wote na kueleza. Kwa hiyo hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyekosa. Agosti yote nilikwenda mtoni kuhesabu malori, na niliwaona wamepangana kwenye mchanga wakiimba, wanaume na masepetu, wanawake na karai, na chekeche kubwa za waya ambazo Muthiani alizichomelea mwenyewe. Susu Kanini alikuja kila siku. Walichimba hadi kina cha mtu, wakachekecha. Chembe kubwa zikaenda kwenye lori, na ule unga laini uliopita kwenye waya wakaurudisha shimoni. Walifanya hivyo ili mashimo yasibaki wazi, ng’ombe wasije wakavunjika miguu. Wakasawazisha kwa mbao. Mwisho wa mwezi mto ulionekana nadhifu kuliko tulivyoukuta, na Mbithe aliniambia niandike hilo, kwamba watu wa Kwa Ndunda hawaachi kazi nusu. Nimewahi kufuatilia habari nyingi za watu walioharibu kitu kwa ulafi au kwa uvivu. Hawa walikiharibu kwa unadhifu.

Tangi liliwashwa Oktoba, na lilifanya kazi. Inabidi niseme hivyo waziwazi, kwa sababu waliolisimulia baadaye walisema lilikuwa uongo. Mchana nilisoma vipimo na kuviona vikipanda hadi nyuzi mia nne na zaidi. Asubuhi vilikuwa vimeshuka kidogo tu, na trei za maembe zilikuwa zimekauka rangi ya asali. Ukuta wa ofisi yangu, ule wa nyuma, ukawa na uvuguvugu kama ubavu wa ng’ombe. Akina mama waligundua kwamba bakuli la chakula likiwekwa juu ya bomba la kutolea hewa huwa moto kwa dakika kumi, na saa saba mchana bomba lile lilipangwa mabakuli mwanzo hadi mwisho, kila moja na kitambaa chake. Walilipa tangi jina la Mume. Mbithe alisema ndiye mume wa kwanza kumwona Makueni anayeshinda nyumbani, haombi chakula, na asubuhi bado ana joto. Mwingine akamuuliza kama Mume huyo anapeleka mahari. “Anangoja maembe yauzwe,” Mbithe alijibu, “kama wenu.” Muthiani alipopita walinyamaza kwa heshima, halafu wakacheka zaidi. Naye alikuwa akipita mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Aliweka kiganja kwenye bati, akasikiliza, akaondoka. Nafikiri ile miezi miwili ndiyo pekee niliyomwona ametulia.

Mvua ilinyesha Novemba, mara moja kubwa, juu Mbooni. Mto ulishuka mwekundu kwa siku moja na nusu. Watu walisimama ukingoni wakisema umekuja, sasa umekuja. Maji yalipopita, juu ya ule unga waliourudisha kulikuwa kumelala tope jembamba kama ngozi, na jua lilipolipiga likawa gumu. Mchanga mkubwa haukuja. Pengine mvua haikuwa na nguvu ya kuuvuta, pengine huko juu nako umeshachimbwa. Sikupata mtu wa kunijibu. Januari, wakati ambao kila mwaka walichimba hadi kiwiko, wanawake walichimba hadi begani na kupata kitu kama uji. Maji yalikuwa yamepita juu na kwenda zake kwa sababu hakukuwa na nafasi kati ya chembe na chembe ya kuyaweka. Injinia alikuja kuangalia. Alichukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole, na alipouachia alibaki akitazama vidole vyake. Nilimwuliza kama mchanga wa kwenye tangi unaweza kurudishwa. Alisema ukimwagwa juu ya tope hautasaidia. Ingebidi tope lote litolewe kwanza, hadi kwenye mwamba, nalo limeshachanganyika na ule unga. Aliongea kama mtu anayesoma vipimo. Aprili mvua ilikuja tena na kuongeza tope lingine juu ya lile. Mwethya uliitwa kulitoa. Walikuja watu kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeulizia kuku.

Juni na Julai ni miezi ya ukungu kwetu. Wanawake waliokuwa wameondoka alfajiri kwenda mto wa pili kutafuta maji walifika kiwandani wamechelewa, wamelowa umande, na kabla ya kuvaa aproni walisimama kwanza na kubandika migongo kwenye tangi. Nilisikia mazungumzo yao kupitia ukutani. Hawakumwita tena Mume. Walizungumza juu ya foleni, juu ya nani alisukuma mtungi wa nani, juu ya msichana aliyeacha shule ili ateke. Kiwanda chenyewe kilikuwa kikifanya kazi siku mbili kwa wiki, kwa sababu bomba la maji lilitoa hewa tupu. Tulikuwa na joto la kukausha matunda ya tarafa nzima na hatukuwa na maji ya kuyaosha.

Wanakijiji wakaomba wenye kiwanda wawachimbie kisima kirefu. Mkutano wa pili ukaitwa katika kanisa lilelile, safari hii bila chai. Wenye kiwanda walimtuma mwakilishi, bwana mmoja mwenye faili, ambaye hakuwa mkali hata kidogo. Alifungua faili na kusoma kumbukumbu nilizoandika. Alisoma majina ya waliohudhuria. Alisoma: hakuna swali lililoulizwa, hakuna aliyepinga. Kisha akasema kwamba kijiji kilitoa mchanga wake kwa hiari na kiwanda hakina deni la kisima.

Susu Kanini alisimama. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama akili yake imeanza kumtoka.

“Mimi siku ile sikusema kitu?”

Mbithe alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso. Watu wote walikumbuka, niliona wakikumbuka. Lakini yule bwana hakuwauliza wao. Alinigeukia na kuniambia, “Karani, wewe ndiye uliyeandika. Kuna kitu kiliachwa?”

Daftari la kwanza lilikuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya meza. Nilikuwa nimekuja nalo makusudi.

“Hapana,” nikasema.

Tangu hapo nimewauliza watu wengi maswali magumu, tena mbele ya kinasa sauti, na wanaponidanganya naona jinsi uongo ulivyo mwepesi kutoka, na sishangai. Wakati ule nilishangaa. Nilidhani utakwama. Susu alitikisa kichwa polepole, akaketi, na jirani yake akamshika mkono jinsi wanavyoshikwa wazee waliochanganyikiwa.

Kiwanda kilifungwa Agosti. Paneli zilishushwa kutoka kwenye paa na kupelekwa kusikojulikana, Injinia akapata kazi kwingine, na mimi nilibaki wiki mbili za mwisho kufunga mafaili. Siku nilipokabidhi funguo nilisoma kipimo kwa mazoea tu. Tangi lilikuwa bado na nyuzi mia moja na kitu. Hakuna aliyekuwa akilitia moto wala kulitumia. Bado liko pale, geti limefungwa kwa mnyororo, kwa sababu hakuna anayeweza kulibeba.

Kabla ya kuondoka Tawa nilishuka mtoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Susu, lakini niliyemkuta ni Muthiani. Alikuwa amechimba tangu asubuhi mahali palipokuwa na kisima cha mama yake, na shimo lilimfika kifuani. Susu alikuwa ameketi ukingoni, mbali kidogo, mtungi mtupu kati ya miguu yake. Tope lililotolewa lilikuwa limerundikwa kando, jeusi, likinuka majani yaliyooza. Nilichuchumaa na kumwambia Muthiani yote: swali, daftari, mstari mmoja, na nilichosema mkutanoni. Aliendelea kuchimba nilipokuwa nikiongea. Nilipomaliza akaweka sepetu.

“Najua,” alisema. “Nilikuwa nimekaa hapo kando yako. Nilisoma ukiandika, na karatasi ile ya sahihi pia niliisoma.”

“Mbona hukusema, baba?”

Alitazama upande aliokuwa mama yake, akateremsha sauti.

“Nilitaka lile tangi lijengwe.”

Aliinama tena. Baadaye kidogo aligonga mwamba. Tuliusikia sote, na Susu akasimama na kuja na mtungi. Tulingoja. Kwa desturi maji huanza kwa kung’aa pembeni, halafu yanajikusanya katikati, na mtu hupiga soga mpaka yatoshe kikombe. Tulingoja mpaka kivuli cha ukingo kikatufikia. Chini ya miguu ya Muthiani mwamba ulikuwa na unyevu, kama sakafu iliyopigwa deki, na ukabaki hivyo. Susu aliinama juu ya shimo, akaangalia kwa muda, kisha akasema kwa Kikamba kwamba lifukiwe, kuna watoto wanaopita hapa wakichunga mbuzi.

Nilimpa Muthiani mkono akapanda. Alishika sepetu, mimi nikatumia mikono, na Susu alikuwa akisukuma tope kwa mguu wake mmoja, kidogo kidogo. Lilikuwa limeanza kukauka na lilikuwa zito, na shimo lilichukua muda mrefu kujaa. Lilipojaa, Muthiani alitembea juu yake, akikanyaga kwa visigino huku na huku, mpaka ukawa huwezi kujua lilikuwa wapi.